Ukiona Sura Yangu Usiniamini

Jana msichana nisiyemjua aliingia studio kwangu, akanikumbatia, akanishukuru kwa kumtafutia kazi.

Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Kazi gani tena?

"Si wewe yule mama wa kwenye video?" akasema, huku akikaa kwenye stuli na kurekebisha kola. "Nimekuja kwako makusudi. Picha ya safari nataka unipige wewe mwenyewe."



Ngoja niwaeleze. Jumamosi huwa nawafundisha vijana wa sekondari kutengeneza video. Safari hii walichagua usafirishaji haramu wa binadamu. Mimi nikawaza wakala wa miwani nyeusi na sauti nzito. Wakanicheka. Binti tunayemwita Dairekta akasema wakala wa kweli huongea kama shangazi yako. Basi nafasi hiyo nikapewa mimi.

Na niliitendea haki, jamani. Niliahidi kazi za ndani ng'ambo, mshahara mnono, tiketi ya bure. Nikatabasamu kwa upole. Vijana wakapiga makofi, kichwa kikanivimba.

Dairekta alitaka video iende nzima. Mimi, mjuaji, nikasema tuikate vipande viwili ili watu wapate hamu. Leo ahadi, kesho pasipoti inanyang'anywa na mlango unafungwa kwa nje.

Kumbe kuna mtu alikichukua kile kipande cha kwanza, akafuta jina la kikundi chetu, akabandika namba yake ya simu.

Nilimweleza yule msichana ukweli, hakuniamini. Alisema ameshaongea na bosi wangu, mtu mstaarabu kabisa. Ikabidi nimfungulie kipande cha pili kwenye kompyuta. Akatazama mpaka mwisho.

Nikashusha pumzi. Nilijua nimemwokoa.

Akanigeukia. "Sasa mama, na dada je?"

"Dada gani?"

"Dada yangu. Yeye ndiye aliyenitumia video yako. Ameondoka juzi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulikwenda polisi pamoja. Njia nzima alinishika mkono, mimi huyu, utadhani nastahili kushikwa. Namba ya huyo bosi haipatikani. Ya dada yake nayo haipatikani.

Leo vijana wamekuja wakaniuliza tufanye nini. Nilishindwa kuwatazama usoni. Dairekta hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ameiunganisha video upya, nzima, na kuirusha kila mahali.

Ndugu zangu, ukitengeneza onyo, litoe lote kwa mara moja. Mtu mbaya anahitaji kipande tu.

Na wewe unayesoma, ukikutana na sura yangu mahali inakuahidi kazi ng'ambo kwa sauti ya upole, usiniamini. Mwambie na dada yako.