Theluji Niliyomletea Mama

Mwaka ule niliondoka Durban mwezi wa Juni nikiwa na majaketi mawili, blanketi, na agizo la mama. Agizo lenyewe lilikuwa fupi. Nimletee theluji, ila isiwe ya frigo, yaani ya jokofu.

"Ya frigo naijua," aliniambia huku akinifungia chapati za njiani. "Uniletee ile yenyewe."

Mama alizaliwa chini ya milima ya Rwenzori, upande wa Kongo, si mbali na Beni. Anasema asubuhi mawingu yalipojaliwa kufunguka, vilele vya juu vilikuwa vyeupe pe, na watu walivitazama mara moja tu, kisha wakashika majembe yao wakaenda shamba. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufika kule juu. Mimi nilitolewa huko nikiwa mgongoni, kwa hiyo mlima ule nimeujua kwa maneno ya mama tu, na niliuamini kama ninavyoamini kwamba nilikuwa na babu.

Shida ilianzia kanisani. Jumapili moja baada ya ibada, akina mama walipokuwa wanakunywa chai, mama akasema kwao kulikuwa na theluji. Mama mmoja wa Lubumbashi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Theluji Kongo? Pale pale kwenye jua la katikati ya dunia? Akasema lazima lilikuwa wingu limekaa mlimani. Wengine nao wakacheka. Hawakuwa na ubaya, nawajua, lakini mimi damu yangu huchemka haraka na nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Mama akanishika mkono, nikanyamaza.

Wiki hiyo hiyo alikuwa amekaa mezani kwetu mtaani Sydenham anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Labda ilikuwa wingu tu."

Niliumia kuliko ninavyoweza kueleza. Mama alikuwa ameanza kupoteza vitu. Aliacha sufuria jikoni mpaka ikaungua. Aliuliza leo ni siku gani, akajibiwa, akauliza tena. Siku moja alitoka dukani akapita geti letu, akaendelea kutembea kuelekea Overport, mpaka jirani akamrudisha. Hayo yote niliyakubali. Geti lipo, nitamwonyesha kila siku. Ila mlima sikuwa na namna ya kumwonyesha. Nilimtolea picha kwenye simu, akazitazama kwa heshima zote, akasema ni nzuri, lakini picha inaweza kuwa ya mahali popote. Nikaona kwamba akiuacha mlima ule, hatabaki na kitu cha nyumbani ambacho hakikuchomwa wala kuibwa. Niliogopa hilo. Naliogopa hata sasa ninapoliandika.

Mimi nasuka nywele, saluni iko mjini karibu na soko. Mteja wangu mmoja alikuwa anapanda kila mwaka kwenda kufanya kazi kwenye hoteli ya watu wa kuteleza kwenye theluji, kule juu Eastern Cape inapopakana na Lesotho. Akiwa chini ya mikono yangu akaniambia wanatafuta watu wa chumba cha mabuti. Kabla sijamaliza kichwa chake nilikuwa nimeshakubali. Mdogo wangu akahamia kwetu kukaa na mama.

Nilifika mchana, na nikaishiwa maneno, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini. Barabara ilipanda mpaka nikadhani dereva amekosea, hakuna mtu anayeweza kuishi huko. Nyasi zilikuwa za njano, mawe meusi, na mbingu iko karibu kiasi kwamba nilijikuta nimeinamisha shingo. Baridi iliniuma meno. Hewa yenyewe ilikuwa nyembamba. Nilibeba begi langu ngazi chache, nikalazimika kukaa juu yake.

Lakini theluji? Kwenye mlima mzima wa kahawia kulikuwa na ukanda mmoja mweupe, kama shuka lililoanikwa. Nikaambiwa hiyo inatengenezwa. Wanasukuma maji kwenye mabomba, mitambo inayarusha hewani wakati wa baridi kali, nayo yanaanguka yakiwa meupe. Nilisimama pembeni ya ule ukanda nikawaangalia watu wakishuka juu yake wakipiga kelele, na kusema kweli nilistaajabu. Maji ni maji, tunayafungulia bombani kila siku, na hapa mtu ameyageuza kuwa kitu cha kutelezea. Nilimpigia mama.

Akauliza imeanguka? Nikamwambia bado, wanaitengeneza kwa mashine.

"Basi iko ya frigo," akasema.

Nilicheka.

Kazi yangu ilikuwa kuwavalisha watu mabuti. Buti la kutelezea ni gumu kama ndoo, lina vifungo vya chuma, na vidole vya msusi vilinifaa kuliko nilivyotarajia. Bosi wangu, mama wa Kisotho mwenye blanketi begani saa zote, alinifundisha kupiga goti, kukamata kisigino na kuuliza uzito. Uzito ni muhimu, kwa sababu ndio unaoamua ukazaji wa ile kufuli inayoshika buti kwenye ubao. Ukidanganywa, mtu anaanguka na ubao haumwachii mguu, au unamwacha njiani. Na watu wanadanganya, jamani. Wanawake wanapunguza uzito, wanaume wanaongeza ujuzi. Nilikuwa nawatazama machoni mpaka wanasema kweli. Kisha wanatoka nje, matajiri wa mtaa wa Morningside pamoja na watoto wao wa chuo, wote wanatembea kama bata. Mimi mwenyewe nilijaribu mara moja. Nilishuka kwa makalio mwendo wote, na bosi akacheka hadi blanketi likamdondoka.

Majuma yalipita. Anga ilikuwa safi, ya bluu kali, nzuri kwa wageni na mbaya kwangu. Kila nilipopiga simu mama alikuwa na swali lile lile. Kisha siku moja hakuliuliza. Badala yake akaniuliza niko wapi. Nikasema niko mlimani, mama. Akasema, "Mulima gani?" Nikamaliza maongezi vizuri, nikaenda nyuma ya rafu za mabuti nikalia.

Ilianguka mwishoni mwa msimu, wakati nimeshaanza kukunja nguo zangu.

Ilikuwa asubuhi. Upepo uliokuwa unapiga tangu jana ulikatika ghafla, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito, nikadhani nimeziba masikio. Bosi akatoka nje, akanusa hewa, akaniita. Kwanza sikuona kitu. Kisha kitu kimoja cheupe kikatua kwenye mkono wa jaketi langu jeusi, nikakiinamia. Kilikuwa na ncha sita. Kila ncha ilikuwa na matawi yake, yamepangwa sawasawa, mbele na nyuma, kazi ambayo mimi na vidole vyangu vyote nisingeweza kuifanya kichwani mwa mtu hata nikipewa mwaka mzima. Nikapumua, kikayeyuka. Kikatua kingine, tofauti na kile. Nikainua uso, na mbingu yote ilikuwa inashuka, polepole, bila haraka, bila kugongana, ikifunika mawe, magari, paa, mitambo ya kutengenezea theluji, mabega ya bosi wangu. Mungu alikuwa anafanya kazi hiyo yote na haisikiki. Nilipiga magoti pale pale kwenye mlango wa chumba cha mabuti. Sikuomba kitu. Nilitaka tu kuwa chini.

Nilipopata nguvu nilimpigia mama, nikaunyoosha mkono wenye simu nje ya paa ili asikie.

"Sisikie kitu," akasema.

"Ndiyo, mama. Haina sauti."

"Kweli," akasema. "Hata ile haikukuwa na sauti."

Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, na lori lililokuwa likituletea mboga na vinywaji kutoka Clairwood, Durban, likafika. Dereva wake ni mtu wa Bukavu, mcheshi, hana pa kuweka mdomo wake. Nilimwomba anishushe Durban pamoja na boksi la plastiki la kuhifadhi baridi, lile la wauza samaki. Nilikuwa nimelisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu ikatoka. Bosi alinipeleka nyuma ya jengo, mahali pa kivuli ambapo mitambo haifiki, akanionyesha kujaza kidogo kidogo na kushindilia kwa ngumi, maana ikiachwa nyepesi haifiki popote. Nikalifunga kwa magazeti na blanketi langu.

Dereva alipojua kilichomo alishikilia usukani akacheka. "Dada, unabeba maji kupeleka Durban? Durban iko na bahari muzima."

Nikamweleza habari za mama. Sikumficha kitu, hata lile la geti. Tulipoanza kushuka alinyoosha mkono akazima hita ya lori, akavaa kofia na glavu, na tukasafiri hivyo, meno yanagongana, wawili tusio na akili.

Kokstad tulisimama kwenye kituo cha petroli. Nikafungua boksi, theluji ilikuwa imepungua, na chini kulikuwa na maji. Nilifikiri maji ndiyo yanayoila, nikainamisha boksi nikayamwaga yote kwenye majani kando ya lami. Tukaendelea. Tulipofika barabara ya pwani jua la Durban, hata la Agosti, lilikuwa linatupiga kupitia kioo, na nikayamwaga tena. Dereva alikuwa amekwisha kuacha mzaha. Alitakiwa kupitia ghala la Clairwood kwanza. Akanitazama mimi, akalitazama boksi, akasema "eish," akapita ghala bila kupunguza mwendo. Aliliingiza lori lake refu kwenye mtaa wetu mwembamba wa Sydenham jua likiwa bado kwenye mapaa, na watoto wote wakatoka kutazama.

Mama alikuwa amekaa mezani, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Mdogo wangu alikuwa amemwambia nakuja. Nilitua boksi mbele yake nikafungua. Kilichobaki kilikuwa donge moja kama mkate, limeloa, halina tena weupe ule, na chini yake maji kidogo. Nikaanza kumwomba radhi, kwamba ilikuwa imejaa, kwamba ningeanza safari mapema zaidi.

Mama hakunisikiliza. Aliingiza mkono akaushika ule mkate, akaacha mkono pale. "Iko baridi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsalimia mwenzake. Nikangoja. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kisha mama akachungulia chini ya donge.

"Maji yake iko wapi?"

Nikamwambia niliyamwaga njiani.

"Ulimwanga?" Alinitazama vile alivyokuwa ananitazama nikiwa mtoto nimeangusha maziwa. "Mutoto wangu, nani alifika kule juu? Sisi hatukuiguza hata siku moja. Ilikuwa inatushukia maji. Kulikuwa muto nyuma ya nyumba ya bibi yako, maji inauma meno na jua inawaka. Tulikuwa tunaikunywa."

Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akiutaja huo mto. Akaomba kikombe. Mdogo wangu akakinga maji yaliyokuwa chini ya boksi, yakafika nusu. Mama akanywa funda moja, akaliweka mdomoni, akafumba macho. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo asiseme neno wingu.

"Njo ile yenyewe," akasema. Akanywa tena, akafikiri kidogo, kama anavyoonja mchuzi wa mtu mwingine. "Inakosa tu mawe."

Mwanamke asiyejua leo ni Jumatano alikuwa ameonja maji akajua kilichopungua ni ladha ya mawe ya mto wa nyumbani kwao. Nililia mbele ya dereva na sikuona haya. Mdogo wangu alitaka kulitia donge kwenye frigo lidumu. Mama akakataa kabisa. Akaagiza liwekwe kwenye beseni juu ya meza, akakaa nalo, na kila lilipotoa maji aliyachota: kikombe cha kwanza akampa dereva kwa kuwa ni mgeni, cha pili mdogo wangu, cha mwisho mimi niliyemwaga. Yaliuma meno. Yaliyobaki akayatia kwenye chupa, akaifunga kwa nguvu, akaificha kwenye mkoba wake.

Jumapili hakusahau mkoba. Ibada ilipokwisha na chai ikaletwa, alikwenda moja kwa moja hadi kwa yule mama wa Lubumbashi, akamwondolea kikombe chake cha chai, akamwekea kingine chenye maji.

"Kunywa wingu," akamwambia.