Wakwe Zetu Kortini

Baba aligongwa na lori la miwa pale Katito, akisukuma baiskeli kando ya barabara. Mfupa wa paja ukaunga vibaya, na usaha haukukoma. Daktari alituambia kwamba asipopasuliwa tena, mguu utakatwa. Upasuaji ulikuwa Nairobi, na hatukuwa na uwezo huo. Kampuni ya bima ndiyo ingelipa, mradi korti ya Kisumu ikubali kwamba dereva alikuwa na makosa. Shahidi tuliyekuwa naye ni mmoja: Baba mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, sina kazi, usingizi umenihama. Nilimfundisha Baba maneno ya kusema hadi akanichoka. "Lori liliacha barabara, likanifuata kando." Kisha nikaogopa hakimu atajua amefundishwa, nikamwomba ayasahau.

"Sasa niseme nini, msomi?" akauliza. "Ukishajua, uniambie."

Asubuhi ya kesi tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha korti. Dereva akaja, kijana mpole, akainama kumsalimu Baba. Nilitaka kumzuia. Je, hakimu akituona? Je, wakili wa bima akisema tumeshapatana? Nikiwa bado nawaza, Baba alikwisha kumwuliza swali ambalo mzee yeyote wa kwetu humwuliza kijana asiyemjua: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kijana akasema kwao ni Asembo Bay, akamtaja baba yake, kisha babu yake. Baba akavua kofia, akaishika magotini.

"Hawa ndio walioleta ng'ombe wa mahari ya dada yako," akaniambia.

"Baba, si yeye atakayelipa. Ni bima."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo utasema ilivyokuwa."

"Huko chuoni walikufundisha kumsimamisha mkwe wako mbele ya askari?" Hakupandisha sauti. "Na ng'ombe wale uliwala wewe. Wote waliishia kwenye karo yako."

Nilimkimbilia wakili wetu, nikamweleza. Hakuonyesha wasiwasi. "Mzee akishika Biblia atanyooka," akasema. "Nimewaona wengi."

Baba akashika Biblia, akaapa. Karani alikuwa akitafsiri Kijaluo chake. Wakili akamwuliza lori lilikuwa upande gani lilipomgonga.

"Kulikuwa na vumbi," Baba akasema. "Kijana alikuwa akienda polepole. Labda ni mimi niliyeyumba."

Karani alisita kidogo kabla ya kutafsiri. Hata dereva aliinua kichwa.

Kesi ilitupwa kabla ya saa ya chakula. Nilimfuata wakili akikunja joho lake, nikamwuliza habari za rufaa.

"Rufaa dhidi ya nani, Bwana? Baba yako?"

Nikasema Baba alikuwa na maumivu, hakuelewa swali. Nikasema labda karani alikosea kutafsiri, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. Alinisubiri nimalize, akachukua mkoba wake akaenda.

Nje, dereva alikuwa amemshika Baba kwapani, akimteremsha ngazi moja moja. Jasho lilikuwa likimtiririka Baba usoni, naye alikuwa akiuliza wajukuu wake wa Asembo wanaendeleaje. Mguu haukugusa chini. Nikaenda nikamshika upande wa pili.