Kizingiti cha Jamunda

Siku Khageswar alipomwona Dibakar Pradhan kwa mara ya kwanza, mtu huyo alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha hekalu la kijiji cha Jamunda, paji la uso likigusa jiwe. Kule chini mtoni serikali ilikuwa ikijenga bwawa, na wanakijiji walitaka kujua maji yatafika wapi. Dibakar, mgombea kijana mwenye sauti ya kubembeleza, alisema hayatafika hapo.

"Hebu apa," alisema Sukanti, mama yake Khageswar. "Maneno ya mgombea ni povu."

"Maji yakivuka kizingiti hiki, mama," Dibakar aliapa, "nife bila tone mdomoni."

 Mtu anapokata roho, mwanawe humtilia mdomoni tone la maji ya Ganga, mto mtakatifu, na jani la mrehani. Anayelikosa huondoka na kiu isiyokatika. Kiapo kama kile hakuna aliyewahi kukisikia.

Wakampa kura. Khageswar ndiye aliyechora alama yake ya uchaguzi, mwavuli, ukuta baada ya ukuta. Mvua zilizofuata zilijaza bwawa, na Jamunda ikazama, hekalu na miavuli yote. Wazee wachache waliokataa kuhama hawakuonekana tena.

Dibakar alipokuja kuwatembelea kwenye mabanda ya bati walikohamishiwa, Sukanti alimpokea kwa kicheko.

"Karibu, mwanangu. Mbona mwavuli wako unavuja?"

 Dibakar alimgusa miguu kwa heshima, akaondoka, na wiki ile akamwajiri Khageswar kuwa dereva wake. Watu walisema amenunua ulimi wa Jamunda. Khageswar aliyasikia yote, lakini njaa haijui kisasi.

Dibakar alipanda cheo. Aliingia bunge la jimbo mara tatu, akawa naibu waziri, akafungua shule na madaraja. Jukwaani alikunywa maji birika zima na bado ulimi ulimkauka katikati ya hotuba. Wapinzani walicheka: "Mtu wa bwawa ana kiu." Naye alicheka pamoja nao, akaomba birika jingine.

Asubuhi moja, katika nyumba ya wageni ya serikali mjini Bhubaneswar, ghorofa ya nne, Khageswar alikuta maji mbele ya chumba cha bosi wake. Yalikuwa yametanda mlangoni, yamenyooka kama yamekatwa kwa kisu, yakinuka tope la mtoni. Dari ilikuwa kavu, na ngazi pia.

"Bomba limepasuka, mheshimiwa."

"Yamefika wapi?" Dibakar aliuliza kutoka ndani.

"Yako nje ya kizingiti."

"Basi bado. Futa, kaka, wasije wakateleza watu."

Tangu siku hiyo Khageswar alitembea na tambara. Popote walipolala, maji yalikuja, yakasimama mlangoni, yakangoja. Mara nyingine aliona ndani yake alama za nyayo tupu, vidole vikielekea chumbani. Alifuta, na hakumwambia mtu, hata mama yake, ambaye alifia mabandani akimlaani Dibakar.

Mwishowe Dibakar alishindwa uchaguzi, chama kikamsahau, akarudi kwao kufa. Kiangazi kile kilikuwa kikali, visima vimekauka. Mwanawe alimtilia maji ya Ganga kwa kijiko, lakini meno yalikuwa yamekazana. Maji yakateremka shavuni.

"Mjomba Khageswar, jaribu wewe," alisema kijana, machozi yakimlenga. "Labda atakusikia. Wewe ni wa Jamunda."

Khageswar alichukua kijiko. Alikuwa ameshatazama mlangoni, na safari hii maji yalikuwa yamevuka kizingiti, yameingia taratibu hadi miguu ya kitanda. Mwana wa Dibakar alikuwa amesimama humo humo, viatu vikavu.

"Mheshimiwa," Khageswar alinong'ona, "mama alikufa na hasira yake, siwezi kumsemea. Mimi, kwa upande wangu, nimekusamehe."

Meno yakaachana. Khageswar akadondosha tone, akaliona likipita ulimini. Dibakar alimeza, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo, kisha akayafumbua, akatazama mlango nyuma ya bega la dereva wake.

"Tone lako limefika, kaka," alisema. "Sasa waambie na wenzako wa Jamunda waingie, wamesimama majini siku nyingi."