Nilitia Saini Kwamba Mzee Yule Alivuta Sigara Ndani ya Ndege

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, mjane, naishi Lubumbashi upande wa Karavia na watoto wangu wawili na mama yangu mgonjwa wa sukari. Kazi yangu ni kuhudumia abiria ndani ya ndege za kampuni moja ndogo, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimechoka, ndugu zangu. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Yote yalianza na harufu. Safari mbili mfululizo nilisikia harufu ya plastiki inayoungua nyuma ya ndege, karibu na choo. Nikamwambia fundi wetu wa umeme. Alifungua ubao wa dari, akaniita nione: waya zimepasuka ngozi, zinasuguana na chuma.

"Mama, hizi waya zimezeeka," akasema. "Hii ndege haiwezi kuruka leo."

Mkubwa wetu akaja, simu iko sikioni. "Funga na skoche. Bantu beko banangoja."

Fundi akazizungushia waya utepe ule wa gundi, maana abiria walikuwa wanangoja. Mimi nikapanga vikombe vyangu. Abiria mmoja aliponiuliza harufu ile ni ya nini, nilimjibu kwamba ni kahawa.

Safari iliyofuata tulikuwa tunaelekea Kalemie, asubuhi. Moshi ukaanza kushuka kutoka darini, mweusi, unakaba koo. Mzee mmoja, mkulima wa Lukafu, alikuwa ndiyo kwanza anatoka chooni. Alikuwa amepanda ndege kwa mara ya kwanza, anaenda kuona mjukuu. Nilichukua kizimamoto, lakini moto ulikuwa nyuma ya ubao na ubao ulikataa kutoka. Watu wanalia, wanaita jina la Mungu. Mzee yule hakukimbia. Alishika ubao ule wa moto kwa mkono mtupu, akauvuta.

"Usiogope, mama. Mi niko nashika, weye piga."

Nilipuliza mpaka chupa ikaisha. Rubani akakata umeme wa nyuma, akageuza ndege. Tulitua wote wazima. Mzee alishuka mkono umejaa malengelenge, na bado alinishukuru mimi.

Siku tatu baadaye mkubwa aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa: abiria alivuta sigara chooni, moto ukaanzia hapo, na mhudumu alisikia harufu ya tumbaku.

"Chef, yule mzee aliungua akinisaidia."

Hakupandisha hata sauti. "Mkono umeungua, tunatafuta ushahidi gani tena? Tukisema ni waya, ndege zinafungwa, na weye unarudi nyumbani. Uko na batoto, mama. Na dawa za mama yako je?"

Nikasaini.

Sasa, kwa karatasi ile, mzee amefungwa akingoja hukumu. Fundi aliacha kazi, nikimpigia hapokei. Ndege imerudi kuruka. Ubao wa dari umepakwa rangi mpya, na chini yake sijui kama walibadilisha hata waya mmoja. Kila nikipita pale na kigari cha vinywaji, ninavuta pumzi na kunusa.

Jana binti wa mzee alifika kwangu na mfuko wa viazi vitamu. Nilimkaribisha, akakataa kukaa. Akasema, "Mama, papa amenituma. Anasema tusihangaike, weye ulimuona na macho yako. Anasema ule mama wa ndege atasema kweli."

Nilipokea viazi.

Jumatatu naitwa mbele ya hakimu. Nikikana saini yangu, wanaweza kunifunga mimi kwa uongo, na nyumbani hakuna mwingine wa kuwalisha wale watatu. Nikinyamaza, mzee anaozea mle ndani, na abiria wanaendelea kukaa chini ya waya zile.

Matusi msiniandikie, nimeshajitukana ya kutosha. Ninyi mnaosoma, mama zangu, kaka zangu, nishaurini: mbele ya hakimu, niseme nini?