Nilimpaka Rangi Mtakatifu, Akatoka na Sura ya Shemeji Yangu

Siku sanamu ya mtakatifu wa kijiji chetu ilipofunuliwa mbele ya watu wote, ilikuwa na sura ya shemeji yangu.

Sisemi kufanana kwa mbali. Ni yeye mtupu. Taya lake, nyusi zake zilizokutana katikati, hadi kile kidoti kando ya mdomo.

Na aliyeichora ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana mkisikia juu juu mtaniona mtu mbaya. Mkisikia yote pia mtaniona mbaya, ila angalau mtanielewa.

Mimi ni fundi rangi. Naandika mabango, nachora vichwa kwenye kuta za saluni, napaka milango. Kijijini kwetu kazi yoyote yenye brashi ni yangu, kwa sababu hakuna mwingine.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mpiga tarumbeta wa bendi ya parokia. Alikuja kwetu kukaa wiki mbili huku akitafuta chumba. Wiki mbili hizo zikafika miezi kumi na minne.

Kula, anakula. Kulala, analala. Kuahidi, hapo ndipo bingwa. Ukimwambia bawaba ya mlango imelegea atasema "niachie mimi", na mlango utakuangukia ukiwa bado unamsubiri.

Hayo nilivumilia. Ukioa huoi mke peke yake.

Kilichoniudhi ni jambo la bucha. Nilikosea herufi moja kwenye bango. Badala ya NYAMA LAINI nikaandika NYAMA LAANI. Mwenye bucha hakuona. Wateja hawakuona. Aliyeona ni shemeji, akaenda kulitangaza kilabuni, na jua lilipozama nilikuwa na jina jipya.

Laani.

Hata mama mkwe aliniita hivyo mara moja. Akasema ulimi umeteleza.

Basi, wiki tatu kabla ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi, Padre akaniita sakristia.

Sikukuu yetu huangukia katikati ya kiangazi. Asubuhi misa na maandamano, kisha muziki uwanjani hadi jioni, bendi na kwaya za vijiji vyote vya jirani. Ni siku moja kwa mwaka ambayo wageni wanakumbuka kwamba tupo.

Sanamu ilikuwa na hali mbaya. Paa lilivuja, maji yakamla uso. Pua imelainika kwa kushikwashikwa. Macho hayapo kabisa.

"Fundi," Padre akasema, "alikuwa na sura ya upole. Mrudishie upole wake."

"Picha ipo, Padre?"

"Haipo. Uliza wazee."

Nikauliza. Mmoja akasema alikuwa na ndevu. Mwingine akaapa hakuwa nazo. Bibi mmoja akaniambia alifanana na marehemu mumewe, na huyo marehemu namkumbuka vizuri. Hakufanana na mtakatifu wa aina yoyote.

Nikaibeba sanamu hadi nyumbani, nikaisimamisha uani, nikaikodolea macho siku mbili. Sikuona sura.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, shemeji akajinyoosha kwenye kiti changu barazani. Akalala, mdomo umefungwa, mikono tumboni, mwanga umemwangukia ubavuni.

Mtu akilala huwa mpole. Hata yeye.

Nikajiambia nachukua pua tu.

Nikachukua pua. Pua ikahitaji taya. Taya likadai nyusi. Nilipofika kwenye kidoti brashi ilisimama yenyewe, nikajua kabisa ninachofanya.

Nikakiweka. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Niliirudisha kanisani mkesha wa sikukuu, imefunikwa shuka. Padre akataka kuchungulia, nikamwambia rangi bado mbichi. Ilikuwa na siku nne tangu ikauke.

Kesho yake watu walijaa hadi barabarani. Wanaume wanne wakaitoa sanamu mlangoni mwa kanisa. Bendi imejipanga ngazini, shemeji mbele kabisa na tarumbeta lake, kwa sababu yeye ndiye hupiga milio ya kwanza.

Padre akavuta shuka.

Shemeji akapuliza, mashavu yamevimba, hatua moja kutoka kwenye uso wake mwenyewe.

Bendi ikakatika. Ngoma peke yake ikaendelea, maana mpigaji ana macho mabovu.

Kisha sauti ya kikongwe mmoja ikatokea nyuma: "Huyu si yule mlaji wa kwa fundi?"

Ikawa kicheko. Kwaya nzima ilijifunika vitabu usoni. Mbebaji mmoja alicheka hadi mtakatifu akainama upande kama anayetaka kusikia vizuri.

Padre alinisogelea huku akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Fundi. Jioni. Ofisini."

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, machozi yanamtoka. "Siku zote nilisema," akawa anawaambia walio karibu. "Tangu kuzaliwa kwake nilisema."

Mimi nilimtazama shemeji. Nilisubiri ngumi. Kwa kweli nilikuwa nimeshachagua njia ya kukimbilia.

Alishusha tarumbeta. Akaitazama sanamu kwa muda. Kisha akalirudisha mdomoni, akapiga wimbo wa maandamano, taratibu, bila yale madoido yake ya kilabuni.

Kicheko kikafa chenyewe. Watu wakaanza kutembea.

Mchana huo uwanjani hakuna aliyezungumzia bendi za wageni. Kila mtu alitaka kumwona shemeji. Alipoagiza bia ya tatu, mama wa kilabu akakunja mikono. "Mtakatifu mbili zinamtosha."

Mjane mmoja akamkumbusha kwamba tangu mwaka jana alimwahidi kumtengenezea mlango.

"Niachie mimi," shemeji akasema kwa mazoea.

"Sawa," mjane akajibu. "Mtakatifu hadanganyi."

Jumatatu asubuhi nilimwona akitoka na nyundo yangu. Nilidhani anaenda kuiuza. Alikwenda kwa mjane.

Ofisini Padre alikuwa amenipa hadi Jumapili niifute sura ile. Jumapili nikafika na brashi zangu, nikawakuta akina mama wa parokia wamekaa mbele ya sanamu.

"Hufuti kitu," mwenyekiti wao akasema. "Kazibua karo la kwangu. Kaweka mlango wa mwenzangu. Ukifuta, nani atafanya?"

Padre alikuna kichwa. Akasema tuache kwanza hadi mvua zipite. Mvua zimepita mara mbili.

Jambo likanila rohoni. Watu walinisifu kwamba niliona wema ambao wengine hawakuuona, na mimi nilikuwa nimeona fimbo ya kumchapia. Siku moja nikamkuta anaosha masufuria, kitu ambacho hakijawahi kutokea, nikakiri.

"Shemeji, nilikuchora kwa ubaya. Nilitaka wakucheke."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Nilikuwa macho."

"Macho lini?"

"Kuanzia kwenye pua. Nilifungua jicho kidogo nikaona unachofanya. Nikakaza shingo ili upate taya vizuri."

Nikavuta ndoo nikakaa.

"Kwanza, nilijua ukinisimamisha pale kanisani huna tena mdomo wa kunifukuza. Nani anamfukuza mtakatifu?" Akasuuza sufuria moja, akaliinamisha. "Halafu, Laani, mwaka mzima humu ndani mnanitazama nikila tu. Siku ile ulinitazama mchana kutwa na hukuniuliza naondoka lini."

Aliondoka mwenyewe mwezi uliofuata, akapata chumba karibu na kanisa. Alichukua redio yangu. Hata mtakatifu hakamiliki kwa siku moja.

Fundisho langu si refu. Ukitaka kumwaibisha mtu, itabidi umtazame vizuri kwanza, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mimi nilimtazama miezi kumi na minne kwa jicho la hasira nikaona mdomo unaotafuna. Nilimtazama mchana mmoja nikiwa na brashi, nikaona mtu.

Sasa natembea naye njia moja kwenda misa, na akinitania namjibu.