Njiwa wa Roshani ya Flemingdon

Mama mkwe alipokuja Toronto kututembelea, mimi na mwanawe tulikuwa tumeshakubaliana kuachana. Lilikuwa jambo pekee tulilokubaliana mwaka ule. Tukaamua tumwache afurahie kiangazi chake kwanza, habari tumpe akisharudi Tanga, kwa simu, kama watu wastaarabu.

Tulikaa Flemingdon Park, ghorofa za juu, bonde la mto Don likiwa chini yetu. Asubuhi yake ya kwanza alifungua mlango wa roshani, akakuta njiwa wameatamia nyuma ya baiskeli mbovu. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kwao njiwa hawakai nyumba yenye ugomvi. Wakihama, majirani huanza kunong'ona. Wetu walikuwa wamenona na hawana mpango wa kwenda popote. Mimi sikushangaa. Sisi hatukugombana, tulinuniana tu, na kununa hakuna kelele ya kumtisha ndege.

Siku moja aliona kwenye televisheni nchi ambako watu wa kale walichonga majabali wakatoboa vijumba vya njiwa, tundu juu ya tundu hadi kileleni. Akageuka kulitazama jengo la jirani na roshani zake zilizopandiana.

"Kumbe na nyie mmechongewa," alisema, akacheka mpaka akafuta machozi.

Tangu hapo jengo letu akaliita jabali, na njiwa akawa anawamwagia mchele wetu wa basmati. Mume wangu alichukia kile kinyesi, lakini nani angethubutu kuwafukuza mashahidi wetu?

Aliyethubutu ni msimamizi wa jengo. Makinda walipokwisha kuruka, mama akiwa msikitini, mafundi walikuja wakaondoa kiota na kufunga wavu toka sakafuni hadi darini. Niliogopa kweli. Mume wangu alizunguka sebuleni akipanga maneno: ni amri ya jengo, roshani zote zimefungwa, sisi haituhusu.

Mama alirudi, akaenda moja kwa moja roshani na kikombe chake cha mchele. Mume wangu akaanza hotuba yake ya wavu.

"Wavu nauona, baba," alisema mama. "Nawaulizia nyinyi."

Tukatazamana, mimi na mume wangu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme uongo. Hakuna aliyejitokeza.