Mshenga Wangu kwa Mshauri

Shule niliiacha darasa la nne, na duka la vipuri vya malori nimelijenga mwenyewe, kwa hiyo sipendi mtu kunituma nikafundishwe kuongea. Aliyenituma ni binti yangu. Na shida yenyewe ni yeye, ingawa kosa hana: tangu mama yake afariki, nikipokea simu nikasikia "Baba, shikamoo," namkatia. Sauti ile ni ya mama yake kabisa. Nampenda kuliko duka, lakini kumsikiliza nilishindwa. Siku moja akateremka kutoka kwake Rebero, akakaa sebuleni kwangu, akalia. "Baba, kwani na mimi nilizikwa?" Nikakubali kwenda kwa mshauri.

Sasa, kwetu mtu haendi kwenye jambo zito peke yake. Ukienda kuomba binti wa watu, unakaa kimya umevaa vizuri, mshenga anasema. Nikaona na hili ni la namna hiyo. Nikamchukua rafiki yangu, mzee aliyekulia Bukavu, ambaye ameposea nusu ya vijana wa mtaa wetu. Akavaa koti. Nilimwambia tu kwamba silali vizuri.

Ofisi iko Kibagabaga, nyumba ya kawaida yenye maua. Mshauri ni mwanamke wa umri wa binti yangu. Hajamaliza kutukaribisha, rafiki yangu kasimama.

"Mama, tumekuja kwa amani. Huyu muzee wetu iko mutu wa heshima. Hajaiba ng'ombe ya mutu."

"Ng'ombe wameingiaje hapa?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza, sha. Bwana arusi haongei."

Mshauri akamsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hapo nikaanza kumheshimu. Kisha akamwambia, "Mzee, umesema vizuri sana. Kuna chai pale nje, tumwachie mwenyewe naye aseme." Rafiki yangu akaniangalia kama mtu aliyeachishwa kazi.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza maswali kama ninavyouliza nikinunua mzigo. Nitakuja mara ngapi? Mara moja kwa wiki, halafu tutaangalia pamoja kama inasaidia. Nani atayasikia haya? Hata binti yako hatayasikia kwangu, akasema, isipokuwa nikiona unaweza kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo sitanyamaza. Nikitaka kuacha? Unaacha, ila njoo uniambie. Na kama wewe hunifai? Hapo akacheka. "Utaniambia, mzee. Nitakuelekeza kwa mwingine." Hakuna muuzaji aliyewahi kunijibu hivyo.

Halafu na yeye akauliza: tuongee lugha gani? Nilitaka kusema Kinyarwanda, lugha ya nchi hii, nionekane mtu mzima. Lakini mimi na mke wangu tulikulia Tanzania. Tuligombana kwa Kiswahili, tukapatana kwa Kiswahili. Nikasema Kiswahili.

"Changu hakijanyooka," akasema, "lakini tutasogea."

Basi nikasikia mdomo wangu unatoa yale ambayo mshenga hakuyajua: kwamba silali ni uongo, nalala kama gogo. Namwogopa binti yangu kwenye simu.

Hakunipa dawa. Aliniuliza mke wangu akipiga simu alikuwa anasema nini. Nikamwambia anauliza nimekula nini, na nikidanganya anajua. Nikalia mbele ya mtoto yule, mimi.

Nje rafiki yangu alikuwa kwenye kikombe cha pili. "Tumekubaliwa?"

"Tumekubaliwa. Ila wiki ijayo nakuja peke yangu."

Akanuna njia nzima mpaka Kacyiru.

Kesho yake binti yangu akapiga. Nikaweka chini bilauri ya chai, nikakaa. Akasema shikamoo. Nikasema marahaba mwanangu, ongea, ila polepole. Akaongea: maji yamekatika kwake, mtoto wake amekataa uji. Katikati kidole changu kikaenda pale pa kukatia. Nikakirudisha.

"Baba, upo?"

"Nipo. Uji kaukataa kwa nini?"